Kibofu Changu na Maadui Wangu Wote

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Umekuja? Leo ndiyo umekumbuka kwamba una bibi? Kaa. Siyo hapo, hapo nimechomeka sindano. Tangu ujifungue sijaona hata unyayo wako kwenye mlango huu. Mtoto ana miezi minane, ameshaota meno, na mimi namjua kwa picha tu, tena kwenye simu ya mama yako yenye kioo kilichopasuka. Kila picha mtoto ana ufa katikati ya uso. Unasema njia ni ndefu. Njia ni ile ile uliyopita ukienda kuolewa. Haijarefuka.

Basi soma, maana najua utalifunua tu. Wewe ni mdadisi tangu tumboni.

Daftari hili nimepewa na Bana-Achia. Huyo ni binti wa mazoezi kule kliniki, na hilo si jina lake, ni wimbo wake. Kutwa nzima: bana, achia, bana, achia. Alitaka niandike nimekunywa nini na nimekwenda chooni lini. Nikaandika siku moja. Chai, choo. Maji, choo. Sikunywa kitu, choo. Nikachoka. Maisha ya mtu hayawezi kuwa bomba, huku yanaingia huku yanatoka. Kwa hiyo naandika na mengine. Herufi ulinifundisha mwenyewe, mke mwenzangu, ukiwa darasa la kwanza, kwenye meza ya jikoni, ukinichapa vidole kwa mwiko kila nilipogeuza b ikawa d. Shule yangu yote ni wewe. Ukiona makosa, ni ya mwalimu.

Sasa habari yenyewe. Unajua nina ugonjwa wa neva. Maltipo sklerosisi, ndivyo daktari alivyotamka, nikamwomba arudie, akarudia, nikaona tuyaache. Mimi namwita Mpangaji. Aliingia bila kuuliza, halipi kodi, hatoki, na kila baada ya muda anadai chumba kingine. Kwanza alichukua mguu wa kushoto. Sasa anataka kibofu.

Bana-Achia anasema neva ni kama waya, na waya zangu zimechunika plastiki. Kichwa kinatuma salamu: tusubiri kidogo. Salamu zinapotelea njiani. Kibofu kinajiamulia mambo yake. Ndiyo maana nikiingiza tu ufunguo mlangoni, basi! Hodi na mafuriko kwa pamoja.

Na ndiyo maana sijaja kumwona kitukuu changu. Nilikuambia mgongo. Nilikuambia kuku wanaatamia. Uongo mtupu. Saa tatu ndani ya basi, mke mwenzangu! Mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe!

Leo nimemwambia mama yako kwamba Jumamosi ya wiki ijayo nasafiri, liwalo na liwe. Akaweka bakuli chini. Akauliza kama nimeyasahau ya basi la mwaka jana. Sijayasahau. Hata kile kiti hakijasahau. Akasema, mama, siku Bana-Achia akisema uko tayari, nitakufungia mzigo mwenyewe. Na Bana-Achia naye ana kipimo chake Alhamisi ya wiki ijayo: kibofu kimejaa, unasimama wima, unakohoa kwa nguvu. Ukibaki mkavu, umefaulu.

Nikibaki mkavu, nampakata mtoto. Nikilowa, naendelea kumbusu kioo kilichopasuka. Ni hilo tu, mengine yote ni mapambo.

Nimeshapanga. Kisima kikavu hakimwagiki. Kuanzia sasa sinywi tone mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa nini wasomi hawakuliwaza hili?

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango umekufa. Mimi pia nusura.

Tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha nyuma. Mikeka ya mpira ya bluu, viti vya plastiki, harufu ya dawa ya kudekia. Ukutani kuna picha ya nyonga ya mwanamke, kama karai lililotobolewa. Na kwenye kona kuna sinki lenye bomba linalodondosha. Ti. Ti. Ti. Katika vyumba vyote vya kliniki ile, bomba linalodondosha wametupa sisi! Aliyepanga hivi anatuchukia.

Wote mle tuna Mpangaji. Wengine fimbo, wengine viti vya magurudumu, mmoja bado anakimbia lakini mkono unatetemeka. Na mbele kabisa, amekaa wima kama bendera, juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani: Mwalimu Mkuu. Mama huyu alistaafu zamani, lakini hakuna aliyemwambia. Anamsahihisha Bana-Achia. Anasahihisha saa ya ukutani. Na kila mara Bana-Achia anasema, tumtazame mwenzetu anavyofanya. Tutazame nini? Jambo lenyewe liko ndani!

Bana-Achia anaiita sakafu ya nyonga. Misuli inayobeba kila kitu huku chini. Miaka yangu yote nimepiga deki sakafu za ofisi za watu, kumbe nami nina yangu, haijawahi kuguswa! Unabana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa mpigo mmoja. Unainua juu. Unashikilia. Unaachia taratibu.

Nikabana. Akasema, bibi, shusha mabega. Nikabana. Akasema legeza makalio. Nikabana. Akasema pumua, bibi, pumua, umekuwa rangi ya bilinganya! Hapo Mwalimu Mkuu akatangaza kwa sauti ya gwaride kwamba kuna watu mwezi wa tatu huu wa mazoezi bado wanabana uso. Chumba kizima kikacheka. Hata mimi. Na unajua kicheko kinanifanya nini.

Nilipoinuka nikawaona Walimu Wakuu wawili. Mmoja tu alikuwa ananitosha. Bana-Achia akanidaka, akanitazama midomo, akauliza nimekunywa maji lini. Nikasema asubuhi. Akauliza asubuhi ya siku gani.

Ametuhutubia wote kwa sababu yangu. Asiyekunywa maji mkojo wake unakuwa mkali, mkali unakichokonoa kibofu, kibofu kinazidi ukorofi. Na wanaokwenda chooni kila saa kwa kujihami, nao wanakidekeza, kinakuwa kama mtoto aliyezoea kubebwa. Akaniletea jagi, akasimama juu yangu mpaka likaisha. Njia ya kurudi nyumbani sitaiandika.

Ila kuna moja alilosema la maana. Haja ikikubamba ghafla usikimbie. Simama. Bana haraka haraka mara kadhaa. Kisha kipe kichwa kazi nyingine, chochote kinachokijaza, mpaka wimbi lipite, ndipo utembee polepole. Mwalimu Mkuu akasema yeye hujisomea jedwali la kumi na tatu. Akanitazama mimi. Mimi sijui hata la mbili! Anajua kuwa sijui!

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimevumbua! Andika tarehe hii ukutani!

Nilikuwa natoka dukani, fimbo mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine. Nikauona mlango. Kibofu nacho kikauona. Nikasimama pale pale. Nikabana alivyosema. Kisha kichwa, nikipe nini? Jedwali sina. Nikamkumbuka Mwalimu Mkuu na maneno yake ya kubana uso. Damu ikapanda. Nikasema moyoni, ngoja. Huyo akanikumbusha yule karani aliyekuwa anakanyaga sakafu yangu mbichi na viatu vya matope, akifika mwisho anarudi kufuata mwavuli. Huyo akamvuta shemeji aliyeazima sufuria yangu kubwa, akairudisha na kifuniko cha mtu mwingine. Shemeji akamvuta binamu aliyesema siku ya harusi yangu, nikiwa nasikia, kwamba bwana harusi angesubiri angepata. Angepata nini? Nilipofika kwa jirani aliyehama na ndoo yangu, nikashtuka. Haja imeondoka! Kimya! Nikafungua mlango taratibu, nikaelekea chooni kama mkaguzi wa majengo.

Kwa hiyo dawa ni hii. Siyo kubana. Ni maadui.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kazi inaendelea. Nimewapanga kwa uzito. Asubuhi natumia wepesi, wa kukanyaga na kusukumana. Mchana wa kati. Wale wa harusi na misiba nawaweka akiba ya safari.

Nimemwomba mama yako anikumbushe waliowahi kunikosea, maana peke yangu sitawamaliza. Akaacha kuchambua maharage. Akasema, mama, fulani si ulimsamehe? Nikamwambia nilimsamehe kwa muda. Akauliza kama yeye yumo. Nikamwambia inategemea siku. Akacheka mpaka akajifuta macho, akasema nikimaliza maadui nimwambie, yeye yuko tayari kujitolea. Mwanamke mzuri sana yule. Usimwambie.

Na mazoezi nayafanya pia, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu mama yako ananisimamia kama askari wa getini. Nabana nikiwa nimekaa, nabana nikiwa nimelala, nabana kabla ya kupiga chafya. Hilo ni la kumridhisha yeye tu. Sifa ziende zinakostahili.

Tangu Jumatano nimelowa mara moja tu. Paka aliangusha sinia. Hapakuwa na nafasi ya kuchukia mtu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Alhamisi inanukia. Maadui ni wazuri kwa haja ya ghafla, lakini kikohozi hakingoji mtu afike kwa shemeji. Kinakuja na kuondoka. Nahitaji mpango wa pili.

Mpango wa pili ni kukohoa kidogo. Nimefanya mazoezi uani tangu asubuhi. Nataka kikohozi chenye sauti kubwa na nguvu ndogo, kama kuku anayesingizia kutaga. Kufika adhuhuri jirani wa kulia amenitumia dawa ya kifua. Wa kushoto amenitumia limau. Fundi viatu amesogeza benchi lake hadi ng'ambo ya njia, anashona huku amefunga kitambaa puani. Mama yako amerudi akakuta watu wawili mlangoni wanauliza kama hali yangu ni mbaya.

Mpango wa tatu ni siri. Una mfuko wa nailoni wa unga, sindano na uzi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Siku gani hii!

Nimekwenda nimevaa mpango wa tatu chini ya gauni. Mkavu kwa nje kama jiwe. Kasoro moja: unapiga kelele. Kila hatua, kwacha, kwacha. Mpokea wageni akaangalia chini ya meza akidhani panya.

Bana-Achia akatupa maji tunywe, tukae, tungoje. Bomba linadondosha. Ti. Ti. Nimeshika jagi langu mapajani nikiwapigia foleni maadui. Akaeleza: mnaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, mnasimama juu ya kitambaa, mnakohoa. Anayebana kabla ya kukohoa ndiye anayebaki mkavu. Na anayelowa asilie, tunajua pa kuendelea.

Mwalimu Mkuu akakataa pazia. Akasema hana cha kuficha, na darasa hujifunza kwa mfano. Akasimama katikati ya chumba, viatu vyake vinang'aa, soksi nyeupe. Akavuta pumzi. Akakohoa kikohozi cha kusimamisha shule nzima.

Ikatoka. Siyo tone. Ikashuka, ikafika kwenye soksi, ikasambaa kwenye kitambaa.

Ti. Ti. Bomba tu. Nikamwona usoni, mke mwenzangu. Huyu niliyemtumia siku nane kufungua milango yangu! Alikuwa na uso wa mtoto aliyeachwa mkono sokoni. Ametuonyesha mgongo ulionyooka miezi mitatu, na leo mgongo huo unatafuta pa kujificha, pazia amelikataa mwenyewe.

Mkono wangu haukuniuliza. Jagi lote! Juu yake, juu yangu, juu ya mikeka, kidogo juu ya kompyuta ya Bana-Achia. Nikapiga kelele, jamani, mkono huu! Mpangaji huyu ataniua! Wakaruka, wakainua sketi, wakaniambia pole, wakamwambia pole Mwalimu Mkuu kwa kumwagiwa maji. Maji! Chumba kizima kililowa, nani angejua yapi ya nani?

Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, Mpangaji amelipa kodi.

Bana-Achia akanitazama. Akamtazama Mwalimu Mkuu. Akatazama jagi. Akachukua deki. Anadeki vibaya sana, anasukuma maji kuelekea ukutani. Nikamnyang'anya. Nilipoinama, nailoni ikapiga kwacha. Mwalimu Mkuu, amelowa kuanzia kifuani, akaninong'oneza nimevaa nini. Nikamnong'oneza, mfuko wa unga. Akauliza wa ngano au wa mahindi. Tukaangua kicheko wote wawili, na tulivyolowa vile hatukuwa na la kupoteza.

Kipimo kimeahirishwa. Mimi peke yangu natakiwa kesho asubuhi, bila jagi, bila mfuko. Bana-Achia ameusisitiza mfuko. Mwalimu Mkuu yeye amepewa mazoezi ya kurudia, kumbe muda wote naye alikuwa anabana mgongo!

Mama yako ameuliza kama nilibaki mkavu. Nikamwambia kuna utata.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

MKAVU!

Nilisimama nyuma ya pazia. Nikakohoa kikuku. Bana-Achia akasema, bibi, hicho nakijua, kohoa kama mtu. Nikavuta pumzi. Chini pakajibana penyewe, bila kuambiwa, kama mlango unaojifunga na upepo. Nikakohoa mpaka pazia likacheza. Tukainama wote wawili kutazama kitambaa. Kikavu!

Bana-Achia akanikumbatia. Akasema ni kazi ya miezi mitatu, misuli imeamka. Nikamwachia afurahi. Ni mtoto wa watu, kwa nini nimvunje moyo? Akaniagiza: kunywa maji kama kawaida, nenda chooni kabla ya kupanda, uliza basi linasimama wapi, na ukibambwa, bana. Akasema pia kwamba hakuna aliyepona kabisa hapa, kutakuwa na siku mbaya, na siku mbaya isinifungie ndani. Hilo nililipenda.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Mwalimu Mkuu jikoni, anamsahihisha mama yako namna ya kukata vitunguu. Ameleta mito miwili. Akasema anasikia nasafiri kesho na yeye ana dada yake upande huo huo, ambaye hajamwona tangu Mpangaji alipoanza kumsumbua. Akasema hayo akitazama vitunguu. Nikamwambia basi ni saa mbili, asichelewe. Akasema hajawahi kuchelewa maishani. Najua. Ndiyo kasoro yake.

Tukakaa uani alasiri yote. Akauliza nawezaje kuzuia haja bila jedwali. Nikamtajia maadui. Wote, kuanzia karani. Nilipofika kwenye mwavuli akaanza kutikisika. Kwenye kifuniko cha sufuria akashika ukuta. Kwa binamu wa harusi akalia machozi, akauliza, na bwana harusi alisubiri? Nikamwambia alisubiri miaka arobaini, akiwa na mimi ndani ya nyumba. Tukacheka mpaka fundi viatu akaja kuuliza kama kikohozi kimenirudia.

Mama yako anafunga mzigo. Amekuwekea kila kitu, utadhani huko uliko hakuna maduka.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Niko kwako! Naandika kwenye meza yako, wewe uko jikoni, unadhani nimelala. Ngoja nikuambie yaliyotokea, maana mlangoni nilikuambia tu kwamba safari ilikuwa nzuri.

Basi lilitoka kwa wakati. Viti vya mbele, mito chini yetu, Mwalimu Mkuu dirishani anasahihisha vibao vya njiani. Saa ya kwanza, shwari. Ya pili ikaanza. Kibofu kikapiga hodi. Nikasema, karibu, nimekuandalia. Nikamwita karani wa viatu vya matope. Akaja na mwavuli wake. Nikaanza kucheka! Nikamwita shemeji. Nikaona kile kifuniko, kikubwa kuliko sufuria, nikacheka zaidi. Binamu wa harusi ndiyo kabisa, maskini, alikuwa mseja. Nikamwita Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu huyo hapo, ananifuta makombo begani.

Hakuna hata mmoja aliyebaki! Jana alasiri, kwa kuwacheka tu, nimewafukuza kazi wote. Nilitokwa na jasho. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni kweli.

Basi likasimama kwenye kituo cha mafuta. Nikashuka na fimbo, polepole. Na chooni, foleni! Wanawake mpaka kwenye pampu. Mbele yetu mmoja ana watoto watatu na wote wanataka. Mwalimu Mkuu akaniona usoni. Akasimama kando yangu, akapaza sauti ya gwaride: bana! Achia! Bana! Hakujali mtu. Nikabana. Naye anabana. Mwanamke wa mbele akageuka, akauliza tunafanya nini, akaambiwa, akaanza. Kisha foleni nzima, mke mwenzangu, foleni nzima ya watu wasiojuana, wananyamaza, wanatazama mbele, wanabana! Mpiga pampu akavua kofia. Alidhani tunasali.

Lakini kilichoniokoa si hicho. Hapo kwenye foleni ndipo nilipokukumbuka wewe. Miezi minane! Picha zenye ufa! Njia ndefu! Nikakasirika, nikakasirika vizuri, hasira mbichi isiyochekeka. Haja ikarudi nyuma hatua mbili. Mwanamke wa watoto watatu akatupisha. Nikaingia mkavu, nikatoka mkavu, nikapanda mkavu, nikafika kwako mkavu. Saa tatu!

Ukanifungulia. Ukaniwekea mtoto mapajani. Hana ufa. Uso mzima, mashavu mawili, meno mawili, na jicho la babu yako lile la kuuliza una nini mfukoni. Akanitazama. Akatabasamu. Nikamwambia, bibi yako mkubwa amekuja kwa basi, wewe, mkavu kabisa.

Akanikojolea. Gauni lote. Mpaka kiti.

Ukapiga kelele, ukakimbilia kitambaa. Mimi nilikaa. Mara ya mwisho kulowa kwa furaha ilikuwa lini? Mwache, ana haki. Ni damu yangu.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Nimerudi nyumbani. Mguu umegoma siku nzima ya jana, ndivyo Mpangaji alivyo, ukisafiri anakudai. Leo ameniachia, nimekwenda kliniki.

Bana-Achia alitaka nisimulie darasa zima. Nikasimulia. Alipofurahi akasema, mnaona jinsi mazoezi yanavyofanya kazi? Nikamwambia, mwanangu, mazoezi ni mazuri, tutaendelea nayo kwa heshima yako, lakini tusidanganyane. Ni hasira. Nikawageukia wenzangu nikawashauri kila mmoja atafute adui mmoja mzima, asiyechekesha, amtunze. Yule wa mkono wa kutetemeka akauliza kama wifi anafaa. Nikamwambia wifi ni dawa ya siku zote. Bana-Achia akaweka paji la uso kwenye picha ya nyonga.

Mafundi hawajalitengeneza bomba. Ti. Ti. Mwalimu Mkuu amechukua bisibisi kwenye mkoba, amelikaza mwenyewe, limevunjika. Sasa linatiririka. Tumebana darasa zima.

Shida yangu ni moja. Nimebaki bila mtu. Mwalimu Mkuu amekubali kunitukana kidogo kila Jumanne, lakini hana kipaji, anaishia kunisifu. Juzi alasiri, nikirudi kutoka kwako, haja ilinibamba mlangoni, nikakuita wewe haraka. Ukaja na mtoto mkononi, umenipikia, umenipanga mito, umelia nilipopanda basi. Hasira ikayeyuka yote! Nilibana nikafika chooni salama, sijui kwa bahati gani.

Nimeambiwa na mama yako kwamba mwezi ujao unakuja, wewe na mtoto, wiki nzima. Sawa. Chumba kipo, mashuka nimefua. Ila nisikilize vizuri. Sema unafika asubuhi, fika jioni. Usipige simu. Usiombe radhi. Ukiingia sema tu njia ni ndefu, kisha nipe mtoto haraka, na usiniguse mpaka nitoke chooni.